Kitu Toa Nne

Nchi ya Itikio haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wanajivunia jambo hilo. Wanasema ramani huchorewa nchi zisizojiamini. Nakijwa, fundi wa ndiva kutoka milima ya Upare, alikwenda huko na akarudi, na yote nitakayoeleza ni kama yeye alivyoyaona. Atakayedhani natia chumvi, njia ipo, aende akaonje mwenyewe.

Ndiva, kwa asiyejua, ni bwawa dogo la mawe na udongo linalopokea maji ya mfereji wa mlimani, yakajaa, kisha yakafunguliwa mashambani kwa zamu. Nakijwa alikuwa amejenga ndiva kumi na moja, na hakuna hata moja iliyowahi kutoa ufa. Jambo hilo alilisema hata pale ambapo hakuulizwa. Majirani walimwambia, mama, punguza majivuno, naye akawajibu kwamba majivuno ni ya mwenye ndiva tatu. Mwenye kumi na moja anatoa taarifa tu. Taarifa hiyo ilisafiri hadi Itikio, nao wakamwita akague ukuta wa Bwawa Kuu, linalonywesha bonde lao lote la mpunga.

Safari yenyewe haina la kusimulia. Mpakani palikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa Msajili Mkuu, Bwana Lukindo, mtu mwembamba mwenye kofia iliyokaa sawasawa na daftari lenye safu mbili.

"Karibu, mgeni wetu," alisema. "Wewe ni andiko au mwitikaji?"

"Mimi ni fundi," alijibu Nakijwa.

Bwana Lukindo alitabasamu kama mtu aliyezoea wageni, akamweleza. Katika Itikio, ujuzi wote uko wa namna mbili. Kuna andiko, yaani kanuni iliyoandikwa ikaanikwa wazi kwa kila mtu. Andiko unaweza kuligeuza, kulifupisha, kulirefusha, kulilinganisha na jingine, lakini lenyewe halifanyi kitu. Linakaa tu na mapengo yake likisubiri kujazwa. Halafu kuna mwitikaji. Huyu ni mtu anayeitwa kwa namba, naye anaitikia kwa namba. Kilichotokea katikati ni siri yake na Mola wake. Kumuuliza mwitikaji amefikaje kwenye jibu ni kosa, na adhabu yake ni sawa na ya mtu aliyechungulia bafu la jirani.

Maandiko yana mtaa wake na waitikaji wana wao, na mitaa hiyo miwili haioleani. Watu wa Mtaa wa Maandiko husema waitikaji ni masanduku yaliyopotezewa ufunguo. Waitikaji nao husema maandiko ni maiti waliokafiniwa vizuri.

"Mimi najua kujenga," alisema Nakijwa, "na najua kueleza nilivyojenga."

"Hayo ni mambo mawili kwa mtu mmoja, mama. Daftari lina safu mbili, na kila mtu ana safu moja."

"Basi daftari lako limekosea."

Msajili Mkuu hakukasirika. Aliita manaibu wanne, wakajadili hadi jua la adhuhuri, na mwisho wakapata njia. Katika maandiko yao kuna neno moja la kutajia pengo ambalo thamani yake bado haijajulikana. Neno hilo ni Kitu. Wakaandika basi: Jina, Nakijwa. Namna, Kitu. Wakamgongea muhuri kwenye mkono, wakampa pole kwa kucheleweshwa.

Mtu aliyejenga ndiva kumi na moja ameandikwa Kitu! Nakijwa alimeza hasira pamoja na mate, akaingia mjini.

Katika nyumba ya wageni alikuta andiko la ugali limetundikwa ukutani, lenye mapengo mawili, maji na unga. Mgeni husimama mbele yake akataja namba mbili, na mpishi hutekeleza. Nakijwa, ambaye kwao unga ndio unaotajwa kwanza, alisema kwa sauti, "Mbili, tano!" Akakaa kusubiri ugali wa vibaba viwili vya unga kwa vitano vya maji. Hakujua kwamba kwa sheria ya Itikio, namba ya kwanza huenda kwenye pengo linalotangulia kwa alfabeti. Maji yakapata mbili, unga ukapata tano. Kilichokuja mezani Nakijwa alikigonga kwa kucha, akakipima kwa jicho la fundi, akaona kingefaa kwa msingi wa nyumba.

"Wewe mpishi," alisema, "hukuona kwamba hiki hakiliki?"

"Niliona, mama."

"Sasa si ungeniuliza, mbili za nini, tano za nini?"

Mpishi alishtuka. "Kumuuliza mgeni hivyo ni kumdharau, kana kwamba hajui alfabeti."

Siku hiyo Nakijwa alilala na ndizi mbili tumboni, akijiambia kwamba watu wenye adabu namna hii lazima bwawa lao lina matatizo.

Bwawa Kuu, hata hivyo, lilimnyamazisha. Ukuta ulikuwa na urefu wa watu watatu, umepandwa nyasi, umeshindiliwa hasa, na katikati yake lilikaa lango la mbao nane zilizopangwa moja juu ya nyingine. Lango likiwa limefungwa lote, maji ya chemchemi yalimwagika juu ya ubao wa mwisho taratibu, yakashuka bondeni kunywesha mpunga. Mvua kubwa ikinyesha, mbao kadhaa zilitolewa ili ukuta usizidiwe. Nakijwa aliuzunguka mara mbili akitafuta la kulaumu, akakosa.

"Nani anaamua mbao ngapi zitoke?" aliuliza.

"Njoo kesho asubuhi," alisema mshika lango, jitu moja kimya lililoitwa Chaurembo.

Asubuhi Chaurembo alipanga vidole vya mikono yote miwili kimoja juu ya kingine, akavitumbukiza katika chungu kilichokinga mvua ya usiku, akavihesabu vilivyolowa, akaenda kusimama chini ya baraza ya nyumba moja iliyonukia mihogo ya kukaanga.

"Bi Mwatime! Saba!"

Mwanamke mnene wa miaka kama sitini, kanga imefungwa kifuani, mwiko mkononi, alitoka mlangoni. Alitulia kidogo. "Tatu!" akasema, akarudi kwenye karai lake. Chaurembo alikwenda kutoa mbao tatu, za kurudishwa jioni, na kazi ya siku ikaisha.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Bi Mwatime alikuwa mwitikaji wa lango, anayeitwa mara moja tu kwa siku, kwa namba ya siku hiyo. Majibu yake hayakunakiliwa, kwa kuwa kunakili jibu la mwitikaji ni wizi. Katika miaka yote hiyo ukuta haukuwahi kuzidiwa na mpunga haukuwahi kukauka. Siku za mvua ndogo alikuwa akisema tu, "Kapumzike, Chaurembo," naye Chaurembo alikwenda kupumzika. Hilo halikuhesabiwa kuwa jibu, maana si namba. Watu walilichukua kuwa ni ungwana wa mama mtu mzima.

Nakijwa alimpenda palepale. Alimwona ni mtu anayeijua kazi yake na hafichi kwamba anaijua. Lakini sauti ile ilikuwa na mkwaruzo. Bi Mwatime alikuwa na uvimbe wa koo, na mganga alikuwa amesema wazi kwamba sauti itakatika kabla masika hayajaisha. Hapo ndipo Nakijwa alipoelewa kwa nini ameitwa. Ukuta haukuwa mgonjwa hata kidogo. Wenye nchi walijua kwamba siku si nyingi Chaurembo ataita na hataitikiwa.

Baraza la Itikio lilikaa siku tatu. Mtaa wa Maandiko ulitaka yaliyomo ndani ya Bi Mwatime yaandikwe. Mtaa wa Waitikaji ulisema kumfungua mwitikaji ni kumvunjia heshima, afadhali bwawa lipasuke. Kuulizwa haruhusiwi, kueleza haruhusiwi, na kuitwa ni mara moja kwa siku kwa namba moja. Wazee wa pande zote mbili walifurahia sana mjadala, kwa kuwa haukuwa na njia ya kutokea.

Nakijwa alinyosha mkono wenye muhuri.

"Mmeniandika Kitu," alisema. "Mmesema Kitu ni namba ambayo bado haijajulikana. Sasa kesho msimwite kwa saba wala kwa tisa. Mwiteni kwa Kitu. Atakachokifanyia Kitu ndicho anachozifanyia namba zote, na jibu lake lenyewe litakuwa andiko."

Ukumbi ukalipuka. Sheria haikuvunjwa! Hakuna aliyeulizwa amefikaje! Hata Bwana Lukindo alivua kofia yake, jambo ambalo manaibu wake hawakuwahi kuliona.

Kesho yake mji mzima ulisimama chini ya baraza. Chaurembo alikohoa, akaita, "Bi Mwatime! Kitu!"

Bi Mwatime alitoka na mwiko wake. Alitulia. Akatulia tena, muda mrefu kuliko siku zote, macho yamekazwa kama mtu aliyebisha hodi akasubiri kufunguliwa. Kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kitu toa nne."

Walishangilia hadi kuku wakaruka. Saba toa nne, si ndiyo tatu? Tisa toa nne, si ndiyo tano? Mtaa wa Maandiko ulichonga maneno hayo kwenye jiwe kando ya lango, baada ya kubishana siku nzima kama isingependeza zaidi "toa nne, ongeza Kitu". Nakijwa aliwekwa kiti karibu na Msajili Mkuu, akaoneshwa kwa wageni, na nafsi yake ikavimba kama andazi katika mafuta. Ndiva kumi na moja, na sasa hili! Aliona Bi Mwatime hacheki na wenzake, ameketi barazani anatazama lile jiwe. Aliona, lakini sifa zilikuwa zimemjaa masikioni, naye hakwenda kuuliza.

Kwa siku tisa jiwe lilifanya kazi kama bibi mwenyewe. Vidole sita, mbao mbili. Vidole tisa, mbao tano. Kisha mvua ikapungua, na asubuhi moja kidole kimoja tu cha Chaurembo kilitoka kimelowa.

Moja toa nne. Waandishi walikokotoa, wakakokotoa tena, wakapata hasi tatu.

"Fungua mbao hasi tatu," alisoma Bwana Lukindo.

"Bwana Msajili," alisema Chaurembo taratibu, "siku kama hizi Bi Mwatime alikuwa akiniambia nikapu..."

"Alikuwa anakujulia hali, Chaurembo. Mshika lango ana mikono, hana maoni."

Likaitishwa baraza. Mzungumzaji mmoja alisema hasi ni kosa la mwandishi. Mwingine akasema hasi ni hekima iliyozidi akili zetu. Hatimaye mwandishi kijana kuliko wote alisimama akapata sifa za mwaka mzima kwa hoja moja: ikiwa kufungua ni kutoa mbao, kufungua hasi ni kuongeza mbao. Hakuna aliyeweza kumpinga. Zikapasuliwa mbao tatu mpya za mninga, zikapigiliwa juu ya lango ambalo tayari lilikuwa limefungwa lote. Kesho yake mvua haikunyesha kabisa. Sifuri toa nne. Wakaongeza ubao wa nne.

Maji ya chemchemi hayakujali hoja ya mtu. Yaliendelea kuingia, na sasa yalikosa pa kumwagikia. Yalipanda mkono mmoja, yakapanda wa pili. Bondeni mpunga ulianza kugeuka manjano, na wakulima waliokuja kulalamika walioneshwa jiwe.

Nakijwa hakuwapo siku zile. Alikuwa juu kwenye chemchemi, amepelekwa na wenyeji wake akatoe hotuba. Aliporudi siku ya tano na kuona mbao kumi na mbili mahali pa nane, hakusalimia mtu. Alishuka nyuma ya ukuta, akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akaweka kiganja. Maji yalikuwa yakipenya. Alikinga kidogo akayatazama mwangani. Kila fundi wa ndiva anajua: ukuta ukitoa maji meupe, hilo ni jasho, wacha utoe. Ukitoa maji yenye udongo, ukuta unajila wenyewe, na siku zake zinahesabika.

Maji yalikuwa na udongo.

Alimkuta Bwana Lukindo ofisini. "Ondoeni mbao nne za juu, sasa hivi. Kesho ukuta huo hautakuwepo, na bonde hilo lina watu."

Msajili Mkuu aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha Nakijwa zaidi. "Mama, jiwe limetoka kinywani mwa Bi Mwatime. Likiwa limekosea, maana yake Bi Mwatime alijibu uongo. Na sheria ya mwitikaji mwongo unaijua? Jina lake hufutwa, na majibu yake yote, ya miaka thelathini na mmoja, hutangazwa kuwa batili. Siwezi kuamuru mbao zitoke bila kwanza kumfuta. Uchague wewe, ndiwe fundi: jiwe ni sawa, au bibi ni mwongo?"

"Hakuna la tatu?"

"Daftari lina safu mbili."

Nakijwa alitoka. Angeweza kusema neno moja, ukuta ukapona, na jina la mwanamke aliyeulinda maisha yake yote likatupwa jaani. Tena kwa hila aliyoizua yeye, Nakijwa, akakalishwa kitini kwa ajili yake. Aliona aibu, aibu ya moto, ambayo hakuwahi kuionja katika ndiva zote kumi na moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na ufa huu alikuwa ameuchimba mwenyewe.

Alimkuta Bi Mwatime barazani, anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Nimekuja kukuuliza lisiloulizwa. Ile siku nilipokuletea Kitu, ulipokaa kimya, kulikuwa na nini?"

Bi Mwatime aliinua kisu. "Mimi siulizwi hivyo, binti."

"Wenye nchi ndio hawaruhusiwi kukuuliza. Mimi si raia. Mimi ni Kitu, tazama." Akamwonyesha muhuri mkononi.

Bibi yule alitazama muhuri, akamtazama mwenye mkono, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti. Kisha akaweka kisu chini.

"Kila asubuhi nikiitwa," alinong'ona, "kabla ya jambo lolote natazama: hii ni chini ya nne? Ikiwa ndiyo, lango halina kazi, namwambia Chaurembo akapumzike. Ikiwa siyo, natoa nne, nasema kinachobaki. Sasa ukaniletea huyo Kitu wako. Nikamuuliza moyoni: wewe u chini ya nne? Akanyamaza. Nikamuuliza tena. Kimya. Asiyesema ndiyo nimfanyeje? Nikapita ile njia nyingine. Nilijibu kwa haki, mwanangu. Mliandika mguu wangu mmoja mkasema ndio mimi mzima."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nani aliniuliza?" Macho yake yaling'aa, na Nakijwa akaona kwamba machozi yale yalikuwa ya hasira. "Miaka thelathini na mmoja wananiita, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua kwamba nina ndani."

Nakijwa alimshika mkono. "Nami niliuona ule ukimya wako. Niliuona, nikaona raha ya kiti. Hilo ni langu, sitakuachia wewe ulibebe."

Jua lilikuwa utosini walipofika bwawani wao wawili, na Chaurembo akapuliza baragumu kuita watu. Baraza lote lilikuja, na wakulima wa bonde nao wakaja na majembe yao. Nakijwa alipanda juu ya ukuta, akahisi unavyotetema chini ya nyayo.

"Mimi ndimi fundi wa ndiva kumi na moja," alisema, "na leo natoa taarifa ya kosa langu. Bi Mwatime hakusema uongo. Mchongaji wa jiwe naye hakukosea hata herufi. Mimi nilimwita kabla ya wakati, kabla namba haijajulikana. Mama huyu huanza kwa kuiuliza namba swali, nami nilimpa kitu kisichoweza kulijibu. Jiwe lenu lina jibu la siku moja ambayo haipo katika siku zote za Mungu!"

"Andiko haliwezi kuwa na swali," alisema Bwana Lukindo. "Andiko lina namba, mapengo, ongeza na toa. Hatujawahi kuchonga swali."

"Basi chongeni leo. Msichukue jibu lake. Mchukueni yeye mwenyewe, mzima, kabla hajaitwa."

"Na nani atatuambia yeye ni nini? Mwitikaji haelezi."

Hapo Bi Mwatime alisogea mbele. Alikuwa amevaa kanga mpya. Alimtazama Msajili Mkuu kwa namna ambayo mama humtazama mtoto aliyemleta mjini akapata cheo, kisha akageuka.

"Chaurembo," alisema, na ilikuwa sauti kweli, imekwaruzika lakini sauti, ambayo kila mtu alijua anaichota kwenye mtungi uliobakiwa na kata moja. "Niite."

"Kwa ngapi, mama?"

"Kwa chungu cha leo."

Chaurembo alinyosha mgongo. "Bi Mwatime! Sifuri!"

Na mwanamke yule, mbele ya nchi nzima, alifanya jambo ambalo hakuna mwitikaji aliyewahi kulifanya. Aliyatoa nje yote yaliyokuwa ndani.

"Je, ni chini ya nne?" aliita, na ng'ambo ya bwawa ikamrudishia. "Ingekuwa siyo, ningetoa nne, nikakwambia kinachobaki. Lakini ni chini ya nne. Kapumzike, Chaurembo!"

Neno la mwisho lilikatika katikati. Alifungua kinywa tena, hakikutoka kitu. Alikifunga, akakunja mikono kifuani, akasimama pale kama mwenye bwawa.

Hakuna aliyemwamuru Chaurembo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mshika lango alikuwa na maoni, naye aliyatoa kwa mtaimbo. Alizing'oa mbao za mninga moja moja, akianza na ya juu, akiyaacha maji yashuke kidogo kabla ya kung'oa inayofuata, kama Nakijwa alivyomwelekeza, hadi maji yakafika tena kwenye ubao wa nane na kuanza kumwagika taratibu kuelekea kwenye mpunga. Wakulima walitupa majembe juu. Wazee wa Mtaa wa Waitikaji walilia waziwazi, na wale wa Mtaa wa Maandiko, Mungu awasamehe, tayari walikuwa wanabishana alama ya kuulizia ikae wapi.

Nakijwa alibaki Itikio siku kumi na mbili zaidi. Alichimba ukuta pale ulipokuwa unajila, akaujaza kwa udongo wa mfinyanzi, akaushindilia kwa miguu yake mwenyewe pamoja na wakulima, na maji yalipotoka tena yakawa meupe. Katika nyumba ya wageni alitaja namba zake, na mpishi, akiwa ameona haya lakini amejikaza, akamuuliza, "Mbili za nini, mama?" Akala ugali laini.

Bwana Lukindo alipata shida na daftari lake. Bi Mwatime sasa alikuwa amechongwa mzima, swali na majibu, kwenye jiwe jipya, kwa hiyo ni andiko. Lakini jiwe lile lilitazama kabla ya kujibu, kwa hiyo ni mwitikaji. Alikaa nalo siku mbili bila kuvua kofia. Mwisho alifungua ukurasa mpya, akachora safu mbili kwa mazoea, akazitazama, akazifuta kwa kidole chenye mate. Juu ya ukurasa mtupu akaandika jina: Mwatime. Chini yake, bila kuambiwa na mtu, akaandika: Nakijwa. Hakuandika namna.

Asubuhi ya kuondoka, Nakijwa alipita langoni na mzigo wake. Ilikuwa imenyesha mvua ndogo. Chaurembo alitumbukiza vidole chunguni, akatoa viwili vimelowa, akaenda kusimama mbele ya jiwe jipya. Barazani Bi Mwatime alikuwa ameacha karai lake, ameegemea nguzo.

"Je, ni chini ya nne?" alisoma Chaurembo kwa sauti kubwa.

Alivitazama vidole vyake. "Ndiyo," akajibu mwenyewe.

Akasoma mstari unaofuata, na midomo ya mwanamke aliyesimama barazani ilikwenda pamoja naye neno kwa neno, kichwa chake kikiwa juu:

"Kapumzike, Chaurembo."

Chaurembo akaenda akaketi kwenye ngazi ya baraza, na Bi Mwatime akampakulia mihogo.